Simu Isiyoanguka Ilipasukaje?

Ndugu mkulima, kila mwaka kabla ya mvua kuanza wewe hukagua paa la ghala lako. Ukiona tundu katika bati waliziba upesi, maana wajua kwamba tundu dogo laweza kuozesha magunia mengi. Je, ni lini ulipokagua ganda la simu yako?

Pengine utacheka na kusema, "Ganda ni plastiki tu." Lakini fikiri kidogo. Malipo ya maziwa huja kwa simu, na karo ya shule hulipwa kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza katika Kenya mwaka 2007, watu wengi huweka fedha zao humo badala ya kuzificha chini ya godoro. Na katika mpango wa mbolea ya ruzuku ulioanza mwaka 2022, mkulima aliyeandikishwa alipelekewa ujumbe kwa simu yake. Basi simu ni ghala, na ganda lake ndilo paa na ukuta.

Nitakueleza jambo nililoliona mwenyewe nikiwa mezani pangu katika ofisi ya kilimo.

MZEE NA SIMU YAKE

Siku moja, mvua ikiwa imekwisha anza, mzee mmoja wa skimu yetu alikuja ofisini akiwa na uso wa huzuni. Baada ya salamu akasema, "Karani, naona jina langu limefutwa katika kitabu chenu. Majirani zangu wote wamepata ujumbe wa mbolea. Mimi sikupata."

Nilitazama orodha. Jina lake lilikuwapo, na nambari ya simu ilikuwa ile ile. Nikamwuliza, "Simu yako i wapi, Mzee?"

Alitoa kitambaa mfukoni akakifungua polepole. Ndani yake mlikuwa na simu ndogo ya vidole, ya aina ile ambayo watu huiita mulika mwizi, nayo ilikuwa imekufa kabisa. Pembe zake mbili zilikuwa na nyufa nyembamba kama unywele, na ufa mmoja ulikuwa umetambaa hata ukafika kwenye kioo.

"Uliiangusha, Mzee?"

"Hata siku moja! Simu hii naitunza kama yai. Ilinyeshewa kidogo tu, ikazima."

Nilimwamini, maana haikuwa na alama ya kugonga jiwe. Lakini nilipoisogeza karibu nilisikia harufu, na harufu hiyo ilikuwa ya dawa ya kupe. Nilipomwuliza zaidi, alinieleza kwamba kila wiki hunyunyizia ng'ombe wake dawa simu ikiwa katika mfuko wa shati, ili asikose simu za watoto wake walio mjini. Akimaliza, huifuta simu kwa kitambaa kile kile alichofutia mikono.

Laini yake tuliitia katika simu ya mkewe, nayo ikafanya kazi. Lakini ule ujumbe haukuonekana tena, ikambidi aanze kufuatilia upya. Alipopata mbolea, mahindi ya majirani yalikuwa yamekwisha fika magotini. Msimu huo wake ulipotea kwa sababu ya ufa mwembamba kama unywele. Mzee hakuwa mzembe. Hakuna mtu aliyemwambia, na ndiyo sababu naandika habari hii.

PLASTIKI SI MOJA

Utauliza, "Ikiwa dawa hupasua plastiki, mbona huuzwa katika chupa za plastiki?" Ni swali zuri. Jibu ni kwamba plastiki zina makabila mengi, kama miti. Mwajua kwamba mti wa kujengea si lazima uwe mti wa kuchongea mpini.

Ndoo, mitungi na chupa nyingi za dawa hufanywa kwa plastiki laini iitwayo polithini. Polithini haikubali kuliwa upesi na mafuta wala dawa, lakini hukunjika, na haifai kushika vizuri vyombo vidogo vya ndani ya simu. Kwa hiyo watengenezaji wa simu na redio hutumia plastiki ngumu zaidi. Zinazojulikana sana ni mbili. Ya kwanza huitwa ABS. Hii ni mchanganyiko wa vitu vitatu, na kimoja chao ni aina ya mpira unaopunguza nguvu ya pigo chombo kikianguka. Ya pili ni polikaboneti, ambayo ni ngumu sana kuvunjika kwa pigo. Mara nyingi hizo mbili huchanganywa pamoja.

Ukitaka kujua simu yako ni ya kabila gani, na kama kifuniko chake cha nyuma hufunguka, kifungue utazame upande wa ndani. Mara nyingi utaona herufi ndogo zilizochapwa katika plastiki yenyewe: ABS, au PC ambayo ni polikaboneti, au PC+ABS.

Sasa sikia udhaifu wao. Dawa nyingi za kupe na za wadudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini huwa zimeyeyushwa kwanza katika mafuta makali, kama yale yaitwayo zailini. Mafuta hayo hayaiumizi sana chupa, lakini ABS na polikaboneti huziingia ndani. Na ganda la simu halikai bure, bali lavutwa siku zote: skrubu zalivuta, vishikizo vyalivuta, na pembe zake zimebeba mkazo.

Mmepata kuona mtu akipasua gogo kwa kabari. Nyundo peke yake haipasui gogo, wala kabari peke yake haipasui. Kwa simu, dawa ndiyo kabari, na mvuto wa skrubu ndio nyundo. Vikikutana, ganda hupasuka likiwa limelala mezani, bila kuanguka. Ndivyo ilivyopasuka simu ya yule mzee.

Dawa za shamba haziko peke yake. Petroli, tina ya rangi, na maji ya kuondolea rangi ya kucha huziharibu plastiki hizi. Hata dawa nyingi za kujipaka za kufukuza mbu zina kitu kiitwacho DEET, nacho huyeyusha uso wa plastiki ngumu. Ukijipaka na kushika simu hapo hapo, waweza kuacha alama ya vidole isiyotoka tena.

SHIDA HII SI NGENI

Tangu vyombo vya umeme vilipoanza kufika vijijini, watu wamesumbuka kutafuta ganda la kufaa. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mtaalamu aliyezaliwa Ubelgiji na kuhamia Marekani, alivumbua plastiki iliyoitwa Bakelite. Redio nyingi za zamani zilivikwa hiyo. Ilistahimili joto, lakini ilikuwa nzito, na ikianguka ilivunjika kama chungu.

Mwaka 1949, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Harry Franklin wa idara ya habari ya Lusaka alitaka redio ambayo mtu wa kijijini angeweza kuinunua. Redio hiyo ilipotoka ilikuwa na ganda la alumini la mviringo, lililopakwa rangi ya buluu, nayo ikaitwa "Redio ya Sufuria" kwa umbo lake. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri ilinunuliwa mbali. Ganda la chuma lile lilivumilia safari na watoto.

Kisha, mwaka 1954, redio ndogo ya mkononi ya transista, Regency TR-1, ilianza kuuzwa katika Marekani ikiwa na ganda la plastiki. Wakati huo huo plastiki mpya zilikuwa zikizaliwa. Polikaboneti ilivumbuliwa mwaka 1953, na wataalamu wa Ujerumani na wa Marekani waliipata kila mmoja kwa njia yake bila kusaidiana. Tangu hapo vyombo vya mkononi vikawa vyepesi na vya bei nafuu.

Wengi wenu mnaikumbuka Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003. Ilikuwa na tochi, mbavu zake zilikuwa za kushikika bila kuteleza, na vidole vyake vilifunikwa kwa kipande kimoja ili vumbi lisiingie. Zimeuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Tunalojifunza hapo ni kwamba ganda jema ni lile lililofikiria vumbi, jasho na mikono ya mtu afanyaye kazi. Kung'aa dukani si kitu.

MNG'AO NA NGOZI YA SIMU

Watu wengi hudanganywa na mng'ao. Ni vizuri ujue kwamba ganda la plastiki hutolewa katika kalibu ya chuma, kama matofali yanavyotolewa katika kalibu ya mti. Kalibu ikiwa imesuguliwa ikang'aa, ganda hutoka likiwa na mng'ao. Kalibu ikiwa na vijipele, ganda hutoka na vijipele vile vile. Uso wa namna hiyo ni wa plastiki yenyewe, hauwezi kubanduka. Ule wenye mng'ao huonyesha kila mkwaruzo, bali wenye vijipele huficha mikwaruzo na haukutelezi mkononi.

Lakini kuna uso mwingine ambao hupakwa juu baada ya ganda kutoka kalibuni. Rangi ya fedha ya pembeni ni ya namna hiyo, nayo huanza kubanduka penye kidole gumba. Na kuna ngozi laini kama mpira, tamu kushika, ambayo hupakwa juu ya vyombo vingi vya bei kubwa. Jihadhari nayo.

Katika ofisi yetu tulikuwa na kipima unyevu cha mkononi, kile cha kupimia mahindi kama yamefika asilimia 13.5 ili yawekwe ghalani. Kilikuwa na ngozi hiyo laini, nasi tulikitunza katika kabati. Baada ya miaka michache tulikitoa tukakikuta kinanata kama asali. Tulimshuku mtu kwamba amekimwagia soda, hata pakawa na maneno. Kumbe hakuna aliyekimwagia kitu. Ngozi ile huvunjwa polepole na unyevu wa hewa na jasho la mikono, hata ikiwa chombo kimelala kabatini. Vumbi la mahindi likaingia katika unato ule, namba zikawa hazisomeki.

Tulikisafisha hivi: tulitoa betri, tukalowesha kitambaa kidogo kwa spiriti ya hospitali, tukajaribu kwanza pembeni pasipoonekana, kisha tukasugua taratibu hata ngozi yote ikatoka. Chini yake palikuwa na plastiki ngumu na safi. Kipimo hakikuwa kizuri kwa macho tena, lakini kinafanya kazi.

JUA NA JOTO

Adui mwingine ni jua. Plastiki ni kama kamba ya katani: nguvu yake ni nyuzi ndefu zilizoshikana. Mwanga mkali wa jua hukata nyuzi hizo moja moja. Katika ABS huanza na ule mpira ulio ndani, na ndiyo sababu ganda jeupe hugeuka manjano, kisha likawa kavu na kuvunjika kwa pigo dogo. Sisi tulio katika skimu za nyanda za juu, kama Kinangop na Ol Kalou, tuko zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari. Huku baridi hutudanganya, kwa maana hewa ni nyembamba na mwanga wa kuchoma ni mkali kuliko wa mabondeni. Redio iliyoangikwa mwaka mzima juu ya nguzo ya zizi haitadumu kama ile iliyo kivulini.

Joto nalo lina madhara yake. Usiweke simu karibu na jiko, wala juu ya bati, wala mbele ya kioo cha gari lililosimama juani. Betri haifai kuchajiwa katika joto linalopita nyuzi 45 za Selsiasi.

UKIENDA KUNUNUA

Usitazame rangi kwanza. Fanya haya:

1. Fungua kifuniko cha nyuma, utazame ukingo wake. Rangi ya ndani na ya nje ikiwa moja, ni rangi ya plastiki yenyewe. Ikiwa ndani ni nyingine, ni ya kupakwa, nayo itabanduka.

2. Pitisha kucha katika maungio. Nafasi ikiwa pana hata kucha inaingia, vumbi na maji pia vitaingia.

3. Tazama pembe. Pembe za mviringo huvumilia kuanguka kuliko zilizochongoka.

4. Uliza kama ganda jipya la simu hiyo, ambalo mafundi huliita hausingi, hupatikana sokoni. Jembe jema ni lile ambalo mpini wake ukivunjika wapata mwingine.

5. Ukiona herufi IP na tarakimu mbili, tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji. IP67 maana yake vumbi haliingii, na chombo kipya chaweza kukaa katika maji safi, kina cha meta moja, kwa nusu saa. Lakini maziwa, sabuni na maji ya josho si maji safi, na mipira ya kuzuia maji huchakaa.

Kava ya kuvisha juu ni msaada mkubwa, hasa ile ya mpira inayopita ukingo wa kioo. Ivue mara moja kwa wiki uifute, maana dawa na mchanga vikinaswa ndani yake hukaa na kula ganda pasipo wewe kuona.

KANUNI ZA KILA SIKU

Kabla ya kunyunyiza dawa, iache simu nyumbani, au mpe mtu asiyegusa dawa. Hii ni afya yako pia, maana simu iliyoshikwa kwa mikono ya dawa hupelekwa sikioni na karibu na mdomo, na baadaye huchezewa na watoto. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuishika tena.

Ikimwagikiwa na dawa, usingoje jioni. Izime, toa betri ikiwa inatoka, uifute kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, kisha kwa kitambaa chenye maji matupu, halafu uikaushe kivulini. Usisafishe simu kwa mafuta ya taa, petroli wala tina.

Ukiona ufa mdogo, usikaze skrubu zaidi, maana unapiga nyundo juu ya kabari. Bandika utepe wa fundi wa umeme kwa muda, kisha tafuta ganda jingine. Najua mwaziba ndoo kwa kisu cha moto, na ndoo inapona. Usifanye hivyo kwa simu. Ndani yake mna betri, na betri ikipata moto yaweza kuwaka.

Zaidi ya yote, angalia ganda linalofura. Kifuniko cha nyuma kikianza kuinuka chenyewe, kosa si la plastiki. Ni betri iliyovimba. Wengine hukibana kwa mpira au kwa utepe. Jambo hilo ni la hatari. Acha kuichaji, usiitoboe, umpelekee fundi aiondoe.

Na magamba ya zamani usiyatupe motoni pamoja na takataka. Moshi wa ABS una sumu, wala jikoni pasiwe mahali pake. Mpe fundi, huenda akapata skrubu au kifuniko cha kumfaa mwingine.

Mwisho, iandike nambari yako ya simu na majina ya watu wako muhimu katika daftari la nyumbani. Simu ikifa, toa laini siku ile ile uitie katika simu ya jamaa unayemwamini, ili ujumbe usikupite kama ulivyompita yule mzee.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bwana na Bibi mkulima, jioni ya leo, mkiisha kukama, chukueni simu zenu mkazitazame pembe nne kwa mwanga wa taa. Yule mzee sasa ana simu nyingine. Siku ya dawa huitundika ndani ya nyumba katika kifuko cha kitambaa alichoshonewa na mkewe, na watoto wake wa mjini wamekwisha zoea kupiga baada ya saa sita.